Mkia Ndio Hutangulia

Baluku,

Leo sikuiti mpendwa. Siwezi, na unajua kwamba nisichoweza kukitoa moyoni huwa sikiandiki. Uko nyuma ya nyumba unapiga mluzi. Tangu asubuhi ni mluzi uleule, na shati lilelile unalikunja, unalikunjua, unalikunja tena, kana kwamba kesho unakwenda kuoa. Nimekuona pia ukifungua begi na kuingiza jiliwa langu, lile dogo la kubania ndoano, ukalifunika kwa suruali ya shule. Hukuniuliza. Nilikuwa mlangoni na sufuria mkononi.

Nimekaa jikoni kwa sababu hakuna anayeingia humu mpaka niite watu kula, na leo sijapika. Bibi amechemsha viazi mwenyewe, huku akinitazama kwa pembe ya jicho. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ya mama. Alivuka nayo mpaka kutoka Kasindi, upande wa Kongo, alipoolewa, akatuachia sisi wawili. Na Bibi, wajomba na baba zetu wakubwa tunazungumza Lhukonzo, ingawa Kiswahili cha sokoni wote wanakijua na hukitumia penye watu wengi. Nyumbani Kiswahili ni cha kugombana mimi na wewe, na hii ni barua ya ugomvi.

Mambo ya sabuni, mswaki, na kuwaamkia watu wa Bwera, huko unakohamia kwa baba, Bibi atakuambia. Ameshaanza. Mimi sitakuambia. Miaka yote nimekuambia uoshe miguu kabla ya kulala na hujawahi kuosha bila kuitwa. Mke wa baba atakuita yeye, au atakuacha ulale na tope lako. Wakubwa wamesema si kazi yangu tena.

Lakini ilikuwa kazi yangu, na nataka ikumbukwe hivyo. Mama alipozikwa ulikuwa hujajua kupenga kamasi. Baba alikaa nasi mpaka wageni wa msiba walipokwisha, kisha akasema anakwenda mpakani kutafuta kazi. Mimi nilikuwa darasa la nne. Bibi alishinda shambani, kwa hiyo nilikubeba mgongoni kwenda shule, nikakuweka chini ya dirisha la darasa letu na muwa mkononi, na mwalimu akajifanya hakuoni. Ulipoishiwa muwa uliita, "Mama!" Darasa zima likacheka, nami nikatoka kwa kuinama kama mwizi. Uliniita Mama mpaka ulipofika darasa la pili, wavulana wakakuzomea: "Mama yako anavaa yunifomu!" Siku hiyo ulirudi nyumbani ukaniita Masika, kama mtu wa rika lako. Sikukusahihisha. Nilikwenda kuchota maji, nikachelewa kurudi, na Bibi akadhani nimeanguka mtoni.

Nakuandikia haya ujue kwamba anayekukasirikia leo si dada.

Sasa nizungumze juu ya flai, maana ndizo zilizotufikisha hapa.

Mimi ndiye niliyekupeleka kwa Mzee Yeremiya. Wakati wa likizo na siku za Jumamosi alitafuta watoto wenye vidole vyembamba, na hapa kwetu Ibanda kila mtu alijua kwamba yule mzee aliyekuwa akiwabebea wageni mizigo mlimani alikuwa amejifunza kwa mgeni mmoja kazi ya ajabu: kuchukua ndoano, uzi, na manyoya, na kutengeneza flai, mdudu wa uongo ambaye samaki humuuma akidhani ni chakula. Nilikwenda peke yangu kwanza. Nilipenda chumba kile kwa sababu kila mtu aliinamia jiliwa lake na hakuna aliyekutazama usoni. Kisha nikakuleta wewe kwa sababu sikuwa na mtu wa kukuachia.

Ukanipita. Sikuona uchungu, au niliuona kidogo tu. Mikono yako ilikuwa inajua uzi unataka nini kabla uzi haujakatika. Lakini nilikufundisha vibaya, Baluku, na hili naliandika bila kujipamba. Kila flai yako iliyokosea kidogo niliikata kwa wembe mpaka ndoano ikabaki tupu, nikakurudishia bila neno. Nilidhani ndivyo mzazi anavyofanya. Siku moja Mzee Yeremiya alisimama nyuma yangu, akasema, "Masika, unakata flai ama unakata mutoto?" Wote wakacheka. Wewe hukucheka. Ulichukua ndoano ile tupu ukaanza upya, midomo umeifunga, na nikaona una hasira kama zangu. Nilijivuna. Leo najua nilipaswa kuogopa, kwa sababu mtu aliyefundishwa kukubali kukatwa bila kuuliza, atakubali akatwe na yeyote.

Kisha likaja agizo la kamba.

Unakumbuka Hajji, yule wa gari jeupe anayechukua masanduku yetu kuyapeleka mjini Kasese, alivyoingia na bahasha. Ndani yake mlikuwa na picha ya kamba wa mtoni, mnyama wa maji, ndugu wa kaa lakini mrefu, mwenye magando mawili mbele, mkia wa vipande vipande, na mwisho wa mkia kipepeo kama upepeo wa jiko. Mnunuzi alitaka flai inayofanana naye kabisa, siyo ya kufananafanana. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwona mnyama huyo. Mto wetu wa Mubuku una kaa. Kamba wa namna hiyo hawamo.

"Huyu ni kaa aliyevutwa," akasema Bwambale, yule mwenye meza ya dirishani. "Kaa aliyezaa na mjusi."

"Basi tukamate kaa," ukasema wewe, "tumfuate huyo huyo."

Tukashuka mtoni, tukapindua mawe. Ulimkamata mmoja mkubwa, akainua magando yake juu kukutisha, nawe ukamweka kwenye ndoo ukakaa ukimtazama mpaka jua likakuunguza shingo. Ukarudi ukatengeneza flai nzuri kuliko zote nilizowahi kuona. Bado nakumbuka kila hatua. Ulizungushia shina la ndoano waya wa risasi ili izame. Macho uliyatoa kwenye uzi wa nailoni, ukauchoma ncha kwa kiberiti mpaka ikajikunja kuwa kitone cheusi. Kwa vipapasio ulitumia nywele ngumu za ngiri, na kwa magando manyoya ya kanga uliyoyapaka gundi na kuyakata katikati yawe kama mdomo ulioachama. Ukasokota nywele za kindi kwenye uzi ukajaza kiwiliwili. Miguu ni tyubu ya pikipiki, uliyoikata nyembamba kama utambi. Mgongoni ukavuta rafia, nyuzi pana za majani ya mwale, uliyoichemsha kwenye majani ya chai, ukaikaza kwa waya mwembamba wa shaba, mzunguko baada ya mzunguko, na gamba likatokea pingili kwa pingili. Mwisho ukakata kipepeo cha mkia.

Ulimweka kiganjani mwako ukanionyesha. Kichwa na magando yaliyoinuliwa vilikuwa upande wa jicho la ndoano, pale uzi wa mvuvi unapofungwa. Mkia ulikuwa nyuma, kwenye mpindo. Ilikuwa inakwenda kichwa mbele, kama ng'ombe, kama mtu, kama kila kitu tulichowahi kuona kikienda.

Na ilikuwa imekosewa. Nilijua.

Jioni iliyotangulia nilikuwa nimesoma kitabu cha bayolojia cha shule, kile ninachopewa siku za wikiendi kwa sababu mwalimu ananiamini sitakichana. Kilikuwa na mchoro wa mnyama huyo na maneno machache chini: akitishwa, hukunja mkia kwa nguvu na kukimbia kinyumenyume. Nikafikiri. Samaki anapomwona kamba anayekimbia, huona mkia ukitangulia na magando yakiburuzwa nyuma, yamekunjwa pamoja, hayakuinuliwa. Mvuvi akivuta uzi, flai lazima iende hivyo. Kwa hiyo mkia unafungwa kwenye jicho la ndoano, na kichwa, macho, na magando vinafungwa kule nyuma, ndoano inapopinda. Kila kitu kinageuzwa.

Nikasema. Nataka ujue kwamba nilisema. Nilisema nikiwa nimeinamia meza, "Nafikiri wanaogelea kinyumenyume."

"Mwalimu anasema nini?" akauliza Mzee Yeremiya, ndivyo alivyoniita kwa ajili ya vitabu vyangu. "Sema nguvu, masikio yangu yalibaki mlimani."

"Nafikiri mkia ndio hutangulia."

"Ati inaendea nyuma!" akapaza sauti Bwambale. "Hiyo iko samaki ama loli ya simiti? Tumuwekee na kengele ya rivasi!" Akaanza kulia kama loli, "Tii, tii, tii," akirudi kinyumenyume na kigoda chake mpaka akagonga ukuta. Chumba kizima kikavunjika mbavu. Hata Hajji, aliyekuwa akifunga sanduku, alifuta machozi. Na wewe, Baluku, ulicheka zaidi ya wote, kwa sababu flai iliyokuwa mezani ilikuwa yako.

Kitabu kilikuwa kwenye mfuko wangu, chini ya kigoda, mkono haukuwa mbali. Ningekitoa, nikafungua ukurasa, nikauweka mezani mbele ya Mzee. Sikukitoa. Niliona masikio yangu yanawaka moto, nikafunga kamba zangu kichwa mbele kama wengine, moja baada ya nyingine, nikijua kila moja ni ya uongo wa aina mbaya. Tena niseme ukweli wote: nilizifunga nikiwa nimeridhika kidogo. Nilikuwa nawaza, wataona.

Wakaona. Sanduku lilirudi. Hajji aliliweka mezani taratibu kama mtu anayeleta habari za msiba, na barua ya mnunuzi ikasema kazi ni safi sana, lakini wanyama wote wameelekezwa upande usio wao, na hawezi kuwauza. Mzee Yeremiya akavua kofia. Bwambale akatafuta mzaha, hakuupata. Wewe ulifungua sanduku ukatafuta zako, ukazitambua zote, ukazipanga kwenye meza mstari mmoja, ukanitazama. Njiani kurudi nyumbani ukaniuliza, "Ulijua?"

"Nilijua."

"Basi mbona hukusema?"

"Nilisema."

"Ulimwambia nani? Mfuko wako?"

Ningekupiga kofi. Badala yake nilitembea mbele yako mpaka nyumbani, na siku iliyofuata nikaleta kitabu, nikakiweka mbele ya Mzee bila kumtazama. Alisoma kidole kikifuata mstari. Akasema, "Mwalimu, kitabu hiki kilikuwa wapi?" Nikaonyesha kwa kidole chini ya kigoda changu.

Hili ndilo pekee ninaloweza kukupa ambalo nimelilipia mwenyewe. Anayesema kwa sauti ya chini hajasema. Anajiwekea tu haki ya kulaumu baadaye. Watu husema mimi ni mpole, mwenye haya, msichana wa vitabu, na Bibi anawaambia majirani kwa fahari kwamba sijawahi kupandisha sauti. Upole wangu, kwa sehemu kubwa, ni kiburi. Sitaki kuchekwa. Niko tayari sanduku zima la kazi ya watu liharibike kuliko mimi kuchekwa mara ya pili.

Tukafumua. Siku zile nilizipenda kuliko sikukuu. Wewe na mimi tulikaa meza moja, tukakata, tukaokoa macho na magando yaliyokuwa bado mazima, tukayafunga upya kule nyuma. Ulitukana kimya kimya kwa sababu vidole vyako vilikuwa vimezoea njia ile nyingine. "Mimi nafunga kichwa matakoni," ulisema, na Mzee akajifanya hajasikia. Tulipomaliza ya kwanza tuliipeleka mtoni, ukaifunga kwa uzi, ukaitupa kwenye maji yaliyotulia nyuma ya jiwe lile kubwa, ukavuta kwa mkato. Mkia ukaruka mbele. Magando yakakunjamana nyuma, miguu ya tyubu ikatetemeka. Alikuwa hai. Alikuwa anakimbia huku akitutazama. Ukageuka ukaniambia, "Masika, ananiogopa!" na uso wako ulikuwa ule wa chini ya dirisha.

Mnunuzi akazikubali. Na sifa ikatembea, ikafika Bwera.

Baba alikuja kwa pikipiki, amevaa miwani ya jua, kana kwamba alitoka jana. Bibi alilia akamshika mikono. Mimi nilimwamkia, nikampa kiti, nikaenda kuchemsha chai, nikiwa na shukrani kwamba chai huchukua muda. Nilikusikia ukimletea flai zako kwenye kifuniko cha kopo. Nilichungulia. Alimchukua kamba mmoja, akamgeuza kiganjani, akamshika kwa magando na kumsogeza hewani, kichwa mbele.

"Anakwenda hivi," ukamwambia, ukamgeuza.

"Aa, wapi," akasema baba, akacheka. "Muniachie miye. Mutu anaangalia kule anakwenda." Akakupiga begani. "Huyu iko mutoto yangu kabisa. Muone mikono! Damu haipotee." Kisha akaeleza habari za chumba nyuma ya duka lake Bwera, chenye meza na taa nzuri, na vijana wengine wawili ambao wewe utawafundisha. Wewe! Utakuwa fundi mkuu. Mbona hukumwambia tena kwamba kamba amegeuzwa? Ulimwambia mara moja, kwa sauti ndogo, akacheka, ukanyamaza. Nilisimama na birika nikajiona mimi.

Nikuambie kwa nini simwamini, maana hukumbuki. Siku aliyoondoka nilimfuata mpaka darajani. Sikuita. Nilitembea nyuma yake kwa mbali, nikitegemea kwamba mtu anayeacha watoto lazima atageuka aone. Alikuwa na redio begani, anatembea vizuri, shingo imenyooka. Hakugeuka. Nilisimama darajani mpaka shati lake likawa doa. Baadaye niliwaambia watu kwamba alitupungia mkono. Nawe nilikuambia hivyo ulipokuwa mdogo, ukakua ukimpenda baba aliyepunga mkono. Mkono ule niliutunga mimi. Ndiyo sababu leo kila anapokupiga begani nasikia ni mimi niliyemleta.

Anasema shule ziko Bwera pia. Ziko, naam. Mtoto anayefunga flai kuanzia asubuhi, na kuwafundisha wengine wawili, ataingia shule saa ngapi? Nilimsikiliza kwa makini siku nzima. Alitaja meza, taa, nyuzi, wanunuzi wa ng'ambo, chumba cha kulala. Neno shule lilitoka kinywani mwake baada ya Bibi kuuliza, na lilitoka kama mtu anayetafuta chenji mfukoni. Uko darasa la saba. Mtihani uko mbele yako, mtu mzima yeyote mwenye akili angekuacha umalize. Wewe si fundi mkuu. Wewe ni mtoto ambaye bado anaandika herufi b ikitazama upande usio wake.

Wakakaa wakubwa wa ukoo. Unajua walivyokaa, ulikuwepo, umewekwa karibu na baba kama bwana harusi. Mimi niliketi kwenye mkeka pamoja na wanawake. Baba mkubwa alisema, "Mutoto mwanaume anarudi kwa baba yake. Hiyo haina kesi." Wazee wakaitika. Mmoja akasema hata mbuzi aliyelishwa na jirani ana mwenyewe. Bibi alitazama mikono yake. Kisha baba mkubwa, na sitamlaumu, alifanya jambo ambalo hakulazimika kulifanya. Aligeuka kwenye mkeka akaniuliza mbele ya watu wote, "Masika, wewe ndiye umelea. Uko na neno?"

Nilikuwa na maneno ya kujaza nyumba. Nilikuwa nimeyapanga tangu alfajiri. Nikamwona mmoja wa wajukuu wa baba mkubwa ananitazama huku tabasamu limeshaanza, nikasikia loli ya Bwambale ikirudi nyuma, tii, tii, tii.

Nikasema, "Hapana."

Ukanitazama.

Tangu siku ile sijazungumza nawe, isipokuwa kukuita kula. Nimekuwekea sahani kwa kishindo. Nimefua nguo zangu nikaacha zako. Uliponiuliza kama gundi iliyobaki ni ya nani, nilijifanya sisikii. Nilikuwa nimeamua kwamba mtazamo ule ulikuwa wa ushindi, kwamba ulikuwa unasema, umeona, naondoka, nina baba. Nilikuchukia kwa mtazamo ule, Baluku. Nilikuchukia hasa. Nilianza barua hii nikiwa na nia ya kukuandikia kwamba nenda, usirudi, na jiliwa ulilolificha litakushtaki.

Lakini nimeandika habari za lile sanduku, nikafika pale ulipopanga kamba zako mezani mstari mmoja ukanitazama, kalamu ikasimama. Ni uso uleule. Kwenye mkutano hukuwa unashinda. Ulikuwa unaniuliza mbona sisemi. Ulikuwa umekaa kwenye kiti walichokuwekea, mguu wako mmoja ukipiga sakafu, ukinisubiri mimi, kama ulivyosubiri chini ya dirisha nitoke. Nikatoka kwa kuinama, lakini angalau siku ile nilitoka.

Huenda nimekosea. Huenda kweli unataka kwenda, na mluzi huu ni wa furaha. Lakini nimekulea, na nakujua unapiga mluzi lini. Ulipiga mluzi namna hii usiku Bibi alipopelekwa hospitali Kisinga, mpaka majirani wakasema mtoto huyu hana moyo.

Bado nina hasira nawe. Ungeweza kusema mwenyewe. Una mdomo, na mdomo wako si mdogo, watu wa Ibanda wote wanaujua. Ulimwacha baba ashike kamba kichwa mbele kwenye nyumba yangu, mbele ya birika langu, usimrekebishe tena. Ukaniachia mimi kazi ya kukataa, mimi ambaye unajua siwezi, kisha ukanitazama vile iliponishinda. Hayo ni ya kitoto. Nayasamehe polepole, siyo leo.

Jua limeondoka mlangoni, naona karatasi kwa shida, na Bibi amepita mara mbili akikohoa. Basi sikiliza nilivyoamua.

Sitaitia barua hii ndani ya begi lako. Ningeitia, ungeisoma Bwera kwenye taa nzuri ya baba, ungelia au usingelia, na mimi ningekuwa nimesema tena kwa mfuko wangu. Kesho asubuhi baba atakuja na pikipiki, na baba mkubwa atakuja kukuombea safari, na majirani watasimama uani kama kawaida yao. Nitasimama mbele yao niisome, kuanzia jina lako mpaka hapa. Nitasoma na habari ya daraja, baba akiwepo. Nitasema umalize darasa la saba katika nyumba hii, na kwamba baada ya mtihani ukitaka Bwera nitakusindikiza mwenyewe. Sauti ikikatika nitarudi juu ya ukurasa nianze tena. Wakicheka, wacheke, nitasubiri wamalize.

Wanaweza kukataa. Baba mkubwa ana haki ya kukataa. Lakini hawatasema tena kwamba aliyelea hakuwa na neno.

Nimeandika mstari huu wa mwisho nikijua kwamba ukiusikia, nimeufikia bila kukimbia, na wewe umesimama pale karibu na pikipiki na begi lako. Basi, Baluku, mwanangu, mbele ya watu wote hawa: fungua begi, utoe jiliwa langu, ulirudishe mezani. Tuna kazi Jumamosi.

Masika